Wasomaji Wanauliza: Ngumi ya Mario, kobe wa ngazini na saa inayokimbia

Barua nyingi za safari hii zinamhusu mtu mmoja, mfupi, mwenye kofia nyekundu. Inaelekea mashine za kaseti zimeanza kutolewa tena makabatini. Tumechagua zinazohusu Super Mario Bros. ya mwaka 1985, maana ndiyo imo kwenye kaseti nyingi za gemu mchanganyiko.

Tunabishana hapa Kiboriloni, Moshi. Mario huvunja matofali kwa kichwa au kwa ngumi? Atakayeshindwa ananunua soda. – Wabishi wa kijiweni

Kwa ngumi. Wa kichwa atoe hela. Mkitaka ushahidi, mmoja aruke na mwenzake abonyeze Start akiwa bado hewani: mtaona mkono umenyooshwa juu, pembeni ya kofia.

Hamkuona mapema kwa sababu picha yenyewe ni ndogo mno. Mario ambaye hajala uyoga wa kumkuza ni nukta 16 kwenda juu na 16 kwenda upande, na rangi zake ni tatu tu. Sura yake yote imetokana na ufinyu huo. Mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, alipomchora kwa ajili ya gemu ya Donkey Kong, mwaka 1981, hakuwa na nafasi ya mdomo, hivyo akaweka pua kubwa na masharubu chini yake. Kofia iliepusha kazi ya kuchora nywele, ambazo zingepaswa kupepea kila anaporuka. Ovaroli nayo ilitenganisha mkono na kiwiliwili. Bila hiyo usingeona mikono ikichezacheza anapokimbia. Na ovaroli ile ilikuwa nyekundu, shati bluu, kinyume cha tunavyomjua leo. Katika gemu ya 1985 rangi ya kahawia hiyo hiyo moja imefanya kazi ya nywele, masharubu, shati na viatu.

Ubahili huo haukuishia kwake. Tazameni wingu, kisha kichaka kilicho chini: ni mchoro mmoja, uliobadilishwa rangi. Gemu nzima ni kilobaiti 40, yaani 32 za programu na 8 za picha. Picha moja tu ya simu yako inaizidi mara nyingi.

Ni kweli Mario lilikuwa jina la mwenye nyumba? – Msomaji, Sakina, Arusha

Mwenye ghala, kwa usahihi zaidi. Mario Segale alikuwa akiipangisha Nintendo, kampuni iliyotengeneza gemu hizi, ghala lake kule jimbo la Washington, Marekani. Kabla ya hapo mhusika aliitwa Jumpman, na kazi yake ilikuwa useremala kwa kuwa Donkey Kong inachezwa kwenye jengo linalojengwa. Ufundi bomba aliupata mwaka 1983, kwenye Mario Bros., ambamo maadui wanatokea mabombani.

Mdogo wangu amenionyesha ujanja wa kobe, nikajaza maisha hadi nikachoka kuhesabu. Nilipokufa mara moja tu, gemu ikaisha. Kaseti ni mbovu? – Kijana wa Ngarenaro, Arusha

Kaseti ni nzima. Umezidisha.

Kwa wasiojua ujanja wenyewe: mwisho wa hatua ya 3-1 (dunia ya tatu, hatua ya kwanza), kabla ya bendera, kuna ngazi ya matofali na kobe wawili wanaishuka. Wa kwanza mruke umwache apite. Wa pili msubiri afike kidato cha tatu kutoka chini, kisha mkanyage upande wake wa kushoto. Gamba litagonga kidato cha juu yake na kurudi chini ya miguu yako, tena na tena, bila wewe kubonyeza chochote. Alama hupanda kutoka mia hadi 8,000, na baada ya hapo kila mgongano ni uhai mmoja. Kosa la wengi ni kumkanyaga kwa kulia: gamba linateleza kushoto, linashuka ngazi, na nafasi imekwenda.

Sasa kosa lako. Hesabu ya maisha imehifadhiwa kwenye baiti moja, yaani kichumba cha kumbukumbu kinachoweza kubeba thamani 256 tofauti, na gemu huichukulia nusu ya juu ya thamani hizo kuwa namba hasi. Ukifa, inapunguza moja halafu inajiuliza: iko chini ya sifuri? Ukishapita maisha 128 hivi, jibu ni ndiyo, na mchezo unaishia hapo. Skrini nayo haikusaidii: kuanzia 10 huweka taji mbele ya tarakimu, na baada ya 19 huandika herufi na vipande vya picha. Kwa hiyo hesabu kwa sauti ya kila uhai, ukifika 80 au 90 ondoka ngazini. Angalia na saa, isije ikakuishia ukiwa unarukaruka hapo.

Ukiishiwa kabisa, usizime. Kwenye ukurasa wa mwanzo shikilia A, bonyeza Start, utaanzia hatua ya kwanza ya dunia uliyofia. Ukibonyeza reset ukarudi kwenye orodha ya gemu, usitegemee hilo.

Shikamooni. Mashine ya wanangu inaonyesha picha isiyo na rangi kwenye televisheni mpya, muziki unaburuza, na inachemka. – Mama wa Rau, Moshi

Marahaba, mama. Hayo ni mambo matatu.

Rangi: ingia kwenye mipangilio ya picha ya televisheni, tafuta mfumo wa rangi, ubadilishe kati ya PAL na NTSC mpaka rangi irudi. Isiporudi, angalia waya wa njano: televisheni nyingi mpya hazina tundu la njano, na tundu lake ni lile la kijani lililoandikwa AV pamoja na Y. Ukichomeka kwenye Y, chagua AV kwa rimoti.

Muziki: mashine za PAL huchora picha 50 kwa sekunde, ilhali gemu ilitungwa kwa 60. Kila kitu kinachelewa kwa sehemu moja ya sita. Si ubovu. Wanao wanapata hata nafuu: namba moja ya saa ya Mario si sekunde, ni picha 24, hivyo 400 za mwanzo ni sekunde 160 kwenye mashine ya 60, na 192 kwenye yenu.

Joto ndilo la kuangalia. Ndani kuna kipande cha miguu mitatu, 7805, kinachoshusha umeme hadi volti 5. Kinachozidi hukigeuza joto. Mashine ikivuta ampea 0.3, adapta ya volti 9 inaacha wati 1.2 za joto, ya volti 12 inaacha 2.1. Tumia volti zilizoandikwa kwenye mashine, na linganisha alama ya chanya na hasi karibu na tundu kabla ya kuchomeka, kwa kuwa nyingi zina hasi katikati, kinyume cha adapta za kawaida.

Fataki za bendera huja kwa bahati? – Msomaji, Kijenge

Hapana. Tazama tarakimu ya mwisho ya saa unapogusa nguzo: 1, 3 au 6 hukupa fataki idadi hiyo hiyo, alama 500 kila moja. Nyingine yoyote, hakuna kitu.