Meli ya mizigo iliyoiangamiza manowari

Kwa aliyeuliza kama mabaharia wa meli za mizigo waliwahi kupigana katika Vita Kuu ya Pili, au walibeba shehena tu: walipigana, na mfano ulio wazi ni Stephen Hopkins ya Marekani. Tarehe 27 Septemba 1942, ikitoka Cape Town kuelekea Surinam bila mzigo, ilikutana katika Atlantiki ya Kusini na Stier, meli ya kivita ya Ujerumani iliyojificha kwa sura ya biashara, ikiandamana na Tannenfels, meli ya Ujerumani iliyoipelekea mahitaji. Kwa upande wa Wamarekani mzinga mkubwa ulikuwa mmoja, nyuma kwenye tezi, na wapigaji wake walipoanguka, Edwin O'Hara, mwanafunzi wa uhandisi wa meli, alifyatua peke yake makombora matano yaliyosalia kabla hajauawa. Stephen Hopkins na Stier zote mbili zilizama, jambo ambalo Wajerumani, nadhani, hawakulitarajia kabisa kutoka kwa meli ya kubebea mizigo. Kapteni wa Stephen Hopkins, Paul Buck, hakuonekana tena. Mabaharia wake 15 walifika Brazili baada ya siku 31 ndani ya mashua ya kuokolea.