Pedi inawaka, kompyuta haisomi: maswali ya wasomaji

Barua za safari hii zote ni za pedi za kuchezea gemu, zote zimetoka mkoa wa Kigoma, na nyingi zina neno moja ndani yake: haisomi. Tunaanza na ile yenye mambo mengi.

Nina banda la gemu hapa Gungu. Mashine yangu ya gemu, PS4, imeungua kwa umeme ila pedi zake mbili ni nzima, nikaona nizihamishie kwenye kompyuta ya mezani ya Windows 10. Ndani nina PES 2013, ile ya mpira, na gemu moja ya mbio za magari ya juzijuzi. Nikichomeka, taa ya pedi inawaka rangi ya chungwa, inafifia, inawaka tena. Kompyuta kimya. Nimeambiwa ninunue draiva. Zinauzwa wapi?
*Mwenye banda, Gungu*

Ndugu, weka hela mfukoni. Draiva, yaani programu ya kuifanya kompyuta iijue pedi, ile ya msingi ya PS4 imo tayari ndani ya Windows 10. Hiyo taa ya chungwa inayopumua inasema pedi inachajiwa tu: umeme unafika, data haifiki. Kabla ya kushuku kitu kingine chochote, shuku waya.

Waya kamili wa USB una nyuzi nne ndani. Nyekundu na nyeusi ni za umeme, nyeupe na kijani ni za data. Nyaya nyingi zinazokuja na tochi za kuchaji, spika ndogo na pauabenki zina nyekundu na nyeusi tu, maana kazi yake ni kuchaji basi. Kwa nje zote zinafanana. Pedi ya PS4 inatumia kichwa cha micro-USB, kile cha simu za Android za zamani, kwa hiyo kupima ni rahisi: chukua simu yenye tundu hilo, iunganishe na kompyuta kwa waya uleule, fungua skrini ushushe pazia la arifa. Ukiona simu inakupa nafasi ya kuhamisha mafaili, waya ni mzima. Ikiendelea kusema inachaji tu, waya huo urudishe kwenye tochi yake.

Waya mpya nunua hapohapo mjini, na upime kwa simu kabla ya kulipa. Ukiagiza Kariakoo ukaletewa wa kuchaji tu, kuurudisha ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na hakuna anayesafiri kwa ajili ya waya. Ukifika bandani chomeka nyuma ya kompyuta. Matundu ya mbele yameungwa na bodi kwa waya mrefu wa ndani, na kwenye mashine za mtumba mara nyingi umelegea.

Sasa angalia kama pedi inasomeka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, bonyeza Enter. Kidirisha kitafunguka chenye orodha ya pedi, na ya PS4 itatokea kwa jina la Wireless Controller, hata ikiwa imeungwa kwa waya. Bonyeza jina hilo mara mbili. Utaona mraba wenye alama ya jumlisha, inayotembea ukisukuma kijiti cha kushoto, na vitaa vyenye namba vinavyowaka kila ukibonyeza kitufe. Kama vinawaka, upande wa kuunganisha umemaliza. Kinachobaki ni gemu yenyewe.

Hapa ndipo watu wengi wanapotupa pedi nzima. Kompyuta inaongea na pedi kwa lugha mbili. Ya zamani inaitwa DirectInput. Ya pili, XInput, Microsoft waliileta 2005 pamoja na mashine yao ya gemu, Xbox 360, na gemu nyingi zilizotoka baadaye zinaelewa hiyo peke yake. Pedi ya PS4 inaongea ile ya zamani. Ndiyo maana inaweza kuonekana vizuri kwenye joy.cpl na bado ukiingia kwenye gemu ikawa kama haipo.

PES 2013 haina shida hiyo. Ndani ya folda yake kuna programu ndogo, settings.exe. Ifungue, nenda ukurasa wa pedi, chagua pedi yako, kisha panga vitufe kimoja kimoja. Usirithi mpangilio wa pedi iliyokuwapo. Kwenye pedi ya PS4 mraba ni namba 1, X ni 2, duara ni 3, pembetatu ni 4. Adapta nyingi za pedi za PS2 zinahesabu kinyume: pembetatu 1, duara 2, X 3, mraba 4. Kama kompyuta ilikuwa na adapta hiyo, pasi iliyokuwa kwenye X itahamia kwenye duara, na shuti litahamia kwenye pembetatu. Mteja atasema pedi mbovu, na atadai hela yake.

Gemu ya magari ndiyo inayohitaji mkalimani, na programu inayofanya kazi hiyo inaitwa DS4Windows. Ni ya bure; ukitozwa, ujue unalipia bando na muda wa mtu. Inataka vitu viwili viwepo kwanza: .NET Desktop Runtime ya Microsoft, ambayo ni msingi inaoendeshewa, na ViGEmBus, ambayo ndiyo inatengeneza pedi ya Xbox 360 ya kubuni ili gemu iione. Toleo la mwisho la ViGEmBus ni 1.22.0. Vyote pamoja havifiki MB 100, na ukishaviweka havihitaji intaneti. Pakua kutoka kwa watengenezaji wenyewe, si kwenye flashi iliyozunguka mji mzima.

Ukimaliza, huenda ukabonyeza chini mara moja kwenye menyu na alama ikaruka nafasi mbili. Gemu inaziona pedi mbili, ya kweli na ya kubuni, na inazisikiliza zote. Weka programu ya HidHide, uifiche ile ya kweli, uiruhusu DS4Windows peke yake kuiona. Kama unatumia Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, chagua mkalimani mmoja: Steam nayo inatafsiri pedi ya PS4, na ukiwasha zote mbili unarudi kwenye tatizo lilelile. Kwa banda lisilo na intaneti ya kudumu, sisi tungechagua DS4Windows.

Shikamooni. Nasoma kidato cha pili, Kasulu. Nyumbani kuna pedi mbili za PS2, mashine yenyewe ilikufa. Naweza kukata waya wa pedi nikaunga kichwa cha USB kutoka kwenye chaji mbovu?
*Mwanafunzi, Kasulu*

Marahaba, mdogo wetu. Usikate.

Kichwa cha pedi ya PS2 kina nafasi tisa za pini, USB ina nne, lakini hesabu ya pini si tatizo kubwa. Pedi hiyo haijui USB kabisa. Inasubiri kuulizwa na mashine yake kwa mtindo wake, na umeme wake ni tofauti: sakiti inatumia volti 3.3 hivi, na mota za mtetemo zinaletewa volti 7 na kitu kwa pini ya peke yake. USB inatoa volti 5. Ukiunga rangi kwa rangi, kompyuta haitaona kitu, na volti 5 zikiingia kwenye sakiti ya 3.3 unaweza kuichoma.

Unachotaka ni adapta: kiboksi kidogo chenye kichwa cha USB upande mmoja na matundu mawili ya pedi za PS2 upande mwingine. Ndani kuna chipu inayoiuliza pedi na kuijibu kompyuta. Chukua ya matundu mawili ucheze na mwenzako. Kwenye joy.cpl adapta nzuri inaonyesha majina mawili. Ikionyesha moja tu, gemu nyingi zitawaona ninyi wawili kama mchezaji mmoja.

Kosa linalosumbua zaidi hapa ni dogo sana. Katikati ya pedi kuna kitufe kilichoandikwa ANALOG chenye kitaa chekundu. Kitaa kikiwa kimezimika, kijiti cha kushoto hakifanyi kazi ya kijiti, unabaki na mishale tu: mchezaji anakwenda mbele, nyuma na pembeni, lakini hawezi kukata kona taratibu. Bonyeza mpaka kiwake, halafu ndiyo ufungue gemu. Gemu nyingine zinaisoma pedi mara moja tu zinapofunguka, ukibadilisha katikati hazioni.

Pedi ya Xbox 360 isiyo na waya, nimeiunga na laptopu kwa waya wake wa kuchajia. Taa zinazunguka tu.
*Msomaji, Kibondo*

Waya huo ni wa kuchaji tu, vitufe unavyobonyeza havipitii humo. Na pedi hiyo haina Bluetooth; ina redio yake ya 2.4 GHz. Inahitaji kipokezi chake maalumu cha USB cha kompyuta. Usipokipata, tafuta pedi ya Xbox 360 yenye waya wa kudumu, hiyo ukichomeka inacheza.

Na ya PS3 je? Waya nimeupima kwa kamera, ni mzima.
*Fundi simu, Mwanga*

Hongera kwa kupima kwanza. Pedi ya PS3 ni ya mini-USB, na tofauti na ya PS4, Windows haijui kuitumia yenyewe. Weka draiva ya DsHidMini, chomeka, kisha bonyeza kitufe cha PS cha katikati. Bila hivyo inaweza kukaa kimya muda wote. Ukitaka bila waya, ongeza draiva ya Bluetooth iitwayo BthPS3. Usihangaike kuitafuta kwenye orodha ya Bluetooth kama unavyotafuta spika. Pedi hii inaandikiwa anwani ya kompyuta kupitia waya, ndipo baadaye inaitafuta yenyewe. Za bandia, na sokoni zimejaa, zina chipu tofauti: baadhi zinakubali waya tu, nyingine hazikubali chochote.

Kijana wangu amenunua kile kidude cha Bluetooth cha kuchomeka. Pedi ya PS4 inakubali, lakini kila baada ya dakika chache inakatika au mchezaji anachelewa kusikia. Pedi ni mbovu?
*Mzazi, Ujiji*

Mzee wetu, pedi huenda ni nzima. Angalia kidude kimechomekwa wapi. Kikiwa nyuma ya kompyuta ya mezani, kasha zima la bati linasimama kati yake na pedi. Kikiwa jirani na tundu la USB 3.0, mara nyingi lenye plastiki ya bluu, nalo likiwa na flashi au diski inayofanya kazi, tundu hilo linatoa kelele za redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Bluetooth. Waifai ya kawaida nayo inapita hapohapo.

Tafuta waya wa kurefushia USB wa mita moja, ukiweke kidude juu ya meza, mbele, mahali pedi inapokiona. Kisha mwambie kijana aifute pedi kwenye orodha ya Bluetooth na kuiunga upya: ashike SHARE na PS kwa pamoja sekunde kama 5, mpaka taa ianze kumeta harakaharaka. Kama bado inakatika, achaji mpaka ijae kabla ya kulaumu kitu kingine. Betri ya pedi hiyo ikiwa mpya ni 1000 mAh tu, na ya mtumba haina hata hiyo.

Pedi inasoma vizuri, lakini mchezaji anatembea mwenyewe kuelekea kushoto bila kuguswa.
*Msomaji, Uvinza*

Fungua joy.cpl uiache pedi mezani. Alama ya jumlisha ikikaa katikati, tatizo ni mpangilio wa gemu. Ikikaa pembeni au ikitetemeka, kijiti kimechafuka au kimelika. Pembeni ya kila kijiti, ndani ya viboksi vidogo, kuna vipimo viwili vya ukinzani, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Ndani yake kuna njia nyembamba ya kaboni inayosuguliwa kila ukicheza. Vumbi likiingia, au kaboni ikiisha, namba ya katikati inahama.

Jaribu kwanza bila kufungua. Kwenye DS4Windows ongeza eneo la katikati lisilohesabiwa, uanze na asilimia 10. Ikizidi 20 utaanza kuona kijiti kizito, hapo ni bora kufungua.

Pedi ya PS4 ina skrubu nne nyuma. Ukitenganisha magamba, usivute kwa nguvu: kuna utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha gamba la nyuma na bodi, na betri ina plagi yake. Chomoa vyote viwili kwa kucha au kibano. Dondoshea spiriti kidogo, ya asilimia 90 au zaidi, kwenye viboksi vya pembeni ya kijiti, ukizungushe mara thelathini hivi kila upande, uache ikauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Spiriti ya kidonda ya asilimia 70 ina maji mengi, ukiitumia subiri zaidi. Petroli usiiguse, inakula plastiki.

Ikirudia baada ya wiki, kaboni imeisha na usafi hautasaidia. Kijiti kizima kinabadilishwa, na kina miguu 14 iliyochomewa kwenye bodi. Mpelekee fundi mwenye pampu ya kunyonya risasi. Anayeng'oa kwa bisibisi atakurudishia bodi yenye njia zilizobanduka.