Kishikwambi kando ya kitanda kwa arifa za darubini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hupiga picha za anga ya usiku nikiwa uani kwangu, nje kidogo ya mji wa Iringa. Kompyuta mpakato yenye programu ya N.I.N.A. ndiyo inayoendesha darubini na kamera hadi alfajiri, nami hulala ndani nikisubiri arifa za Telegram iwapo kuna hitilafu. Tatizo ni kwamba simu yangu ni ya biashara na hulia usiku kucha kwa mambo mengine. Je, kishikwambi kisicho na laini kinaweza kuchukua kazi hiyo peke yake? – Msomaji, Iringa

JIBU: Kinaweza, tena kwa mtu anayelala chumba kimoja na mwenzake ningekipendelea kuliko simu. Akaunti ya Telegram husajiliwa kwa namba ya simu, lakini ukishaifungua kwenye kishikwambi huhitaji laini ndani yake, na simu yako unaweza kuizima kabisa. Ukitumia Pushover, programu ya kupokea arifa ambayo hulipiwa mara moja kwa kila aina ya mfumo, ujumbe unaweza kupewa daraja la dharura, nao utarudiwa kila baada ya muda uliouweka, usiopungua sekunde 30, hadi uuguse kukiri kwamba umeuona au kikomo ulichokipanga, kisichozidi saa tatu, kifike. Kwa mwenye usingizi mzito, hilo pekee linatosha kuhalalisha gharama.

Angalia kwanza intaneti inatoka wapi. Arifa haiji moja kwa moja kutoka kwenye darubini: kompyuta huituma kwenye seva za mbali, nazo ndizo zinazoirudisha chumbani kwako. Ikiwa bando la nyumbani unaligawa kutoka kwenye simu ileile unayotaka kuizima, hujapata nafuu yoyote. Tafuta ruta ndogo yenye laini yake. Wasomaji wanaotumia ASIAIR, kikompyuta kidogo cha kuendesha darubini na kamera, wana mtego mwingine, kwa kuwa kifaa hicho hutoa mtandao wake wa Wi-Fi usio na intaneti, na kishikwambi kilichojiunga nao hakitapokea ujumbe wa nje. Dawa ni kuiunganisha ASIAIR yenyewe na ruta ya nyumbani, na kishikwambi pia kijiunge na ruta hiyo.

Vishikwambi vya Android vikilazwa muda mrefu bila kuguswa hubana shughuli za programu ili kuokoa betri, hivyo ingia kwenye mipangilio uiruhusu Telegram kutumia betri bila vizuizi, na kiache kwenye chaji. Usitegemee mtetemo, kwani iPad haitetemi kabisa na vishikwambi vingine vingi ni hivyohivyo. Sauti lazima iwe juu. Kwa sababu hiyo, chagua kwa ukali yanayostahili kulia. Picha za dakika tano zikitangazwa kila moja inapokamilika, utaamshwa mara 12 kwa saa. Zipeleke hizo kwenye kikundi kilichonyamazishwa, na mlio uwe wa kamera iliyokatika, darubini iliyoshindwa kulenga, au iliyokwama ilipopaswa kugeuka upande wa pili baada ya nyota kuvuka katikati ya anga.

Kioo kikubwa kina kero yake. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa kishikwambi huiharibu kazi hiyo papo hapo. Kwenye iPad unaweza kukitia kioo rangi nyekundu kupitia vichujio vya rangi vilivyo katika mipangilio ya ufikivu. Kama unatoka tu kuchomeka waya na kurudi kulala, usijisumbue.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kimya. Umeme ukikatika na ruta ikazimika, hakuna arifa itakayokuambia hivyo, nawe utalala ukidhani mambo ni shwari. Panga ujumbe mfupi wa kila nusu saa, usio na mlio, ili ukiamka ujue kazi iliishia wapi. Mvua nayo haisubiri mtandao: programu inaweza kusimamisha upigaji na kuilaza darubini, lakini uani hakuna paa la kujifunga, kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Aprili usilale ukiwa umeacha vifaa nje kwa kutegemea mlio wa kishikwambi.

Kabla ya kuizima simu, kiache kishikwambi kikiwa kimefungwa kioo kwa saa nzima, kisha chomoa waya wa kamera katikati ya upigaji na uhesabu muda unaopita hadi kilie.