Kabla ya kuchagua kontrasti ya angiografia: kreatinini ya mzee ni ngapi?

Mkuu, msisaini fomu yoyote kesho kabla hamjajua kreatinini ya mzee, yaani ule uchafu wa damu ambao huongezeka figo zikidhoofika.

Umeandika kwamba baba yako ana kisukari cha muda mrefu, anakwenda kufanyiwa angiografia ya moyo (picha ya mishipa inayopigwa kwa kudunga dawa ya kontrasti kupitia katheta, mpira mwembamba), mmeambiwa kuna kontrasti mbili, ioheksoli na iodiksanoli, na jamaa yenu amewahakikishia kwamba iodiksanoli "haichomi na haigusi figo, kwa hiyo msijisumbue na vipimo vingine." Ukauliza ipi ina nafuu kwa mgonjwa, katheta ipite mkononi au kwenye kinena, kama mzio wake wa kamba na kaa ni tatizo, na atapumzika kwa muda gani. Nilipofika kwenye hayo maneno ya jamaa yenu damu ilinichemka, kwa sababu ndiyo aliyoambiwa mama yangu.

Hilo la kuchoma lina ukweli wake, nalieleza haraka. Damu ina osmolaliti, yaani wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake, ya karibu 290. Iodiksanoli imetengenezwa iwe sawa na damu, 290 vilevile. Ioheksoli yenye miligramu 350 za ayodini kwa mililita inafika kama 840. Zile za ioni za zamani, yaani zinazogawanyika vipande vyenye chaji zikiyeyuka, mfano diatrizoati, zilipita 1,500. Dawa iliyozidi damu kwa kiasi hicho huvuta maji kutoka kwenye chembe za ukuta wa mshipa, mshipa unatanuka, na mgonjwa anahisi joto linashuka hadi kiunoni. Wengine hudhani wamejikojolea. Kwa hiyo kwenye unafuu iodiksanoli inaongoza, hasa wanapopiga picha mishipa ya miguu, ambako ndiko kwenye maumivu zaidi. Na kwa upande wa mzio, zote mbili zina nafuu kubwa kuliko za zamani. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 1990, wa wagonjwa zaidi ya 330,000, ulikuta athari kwa asilimia 12.66 ya waliopewa za ioni na asilimia 3.13 ya waliopewa zisizo za ioni. Athari kali zilikuwa asilimia 0.22 dhidi ya 0.04.

Sasa nisikilize. Lile joto halisemi lolote kuhusu figo. Mgonjwa anaweza asihisi kitu mezani na figo zikaumia siku hiyo hiyo.

Mama alipigwa picha akiwa anapiga soga na muuguzi. Alihisi uvuguvugu kifuani, basi, na kila mtu mle ndani alifurahi. Hakuna aliyemuuliza kama anatumia dawa za maumivu, na alikuwa akimeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti. Kipimo cha figo kilichokuwa kwenye faili kilikuwa cha zamani, cha ugonjwa mwingine kabisa. Aliambiwa afunge tangu usiku, zamu yake ikasogezwa hadi alasiri, na muda wote huo hakunywa hata tone la maji wala hakutundikiwa dripu. Kesho yake tukaruhusiwa bila karatasi ya kumrudisha maabara. Nyumbani mkojo ukapungua, ukawa mweusi kama chai ya rangi, miguu ikavimba hadi viatu vikakataa kuingia. Kila tuliyempigia simu alisema ni uchovu wa hospitali. Damu ilipokuja kupimwa, kreatinini ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu. Akawekewa shingoni mpira wa dayalisisi, mashine ya kusafisha damu, mwanamke aliyekwenda hospitali kwa miguu yake akiwa na maumivu ya kifua tu. Figo zimerudi, lakini si zile alizokwenda nazo.

Aliyetuambia hatuna haja ya vipimo ni ndugu wa familia anayeuza vifaa vya hospitali. Alikuwa na utafiti wake mkononi, tena wa kweli: NEPHRIC wa mwaka 2003, wagonjwa 129 wa kisukari wenye figo dhaifu, kreatinini ilipanda kwa asilimia 3 ya waliopewa iodiksanoli na asilimia 26 ya waliopewa ioheksoli. Ni tofauti kubwa, sikatai. Ila hakutaja utafiti wa CARE wa mwaka 2007, ambao iodiksanoli ililinganishwa na iopamidoli, dawa ya kundi moja na ioheksoli, na tofauti ya maana haikuonekana. Na hata kwenye huo wake, wagonjwa wote walipimwa damu kabla na baada, tena walipewa maji! Alichukua asilimia 3 akaacha kila kitu kilichoizunguka. Mtu wa hivyo simsamehe kirahisi, na nakuomba usimwachie jamaa yenu aamue.

Kwa hiyo shika hili: kreatinini mpya na eGFR (makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu) kabla ya kulala mezani, kreatinini nyingine saa 48 hadi 72 baadaye, dawa iwe yoyote ile. Kreatinini huanza kupanda ndani ya siku moja au mbili na kufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya tano, yaani mkiwa mmesharudi nyumbani na hakuna anayewatazama. eGFR ikiwa chini ya 30 hatari ni kubwa, ikiwa kati ya 30 na 44 kwa mtu wa kisukari, msikubali kuambiwa "ni kawaida ya umri."

Mkishapata hiyo namba mtakuwa na la kuzungumza na daktari. Mwulizeni ataweka kikomo gani cha kontrasti. Wengi hujitahidi mililita zisizidi mara tatu ya eGFR, na wengine mara mbili. Mwenye eGFR ya 40 hapo anazungumzia 120 au 80. Mwulizeni kama stenti (kibomba cha kuacha mshipa wazi), ikihitajika, inaweza kusubiri siku nyingine. Mwulizeni kuhusu dripu ya maji ya chumvi kabla na baada. Moyo wa mzee ukiwa dhaifu, kiasi akipange daktari. Dawa za maumivu zinazoelemea figo, diklofenaki na ibuprofeni, mtajieni hata kama hakuuliza. Kama anameza metformini, dawa ya kisukari, maelekezo ya Marekani yanataka isimamishwe kontrasti inapodungwa kwenye ateri, na irudishwe baada ya figo kupimwa tena saa 48 baadaye.

Mchangiaji wa juu aliyeshauri asetilisisteini, dawa ya kukinga figo, utafiti wa PRESERVE wa mwaka 2018 uliijaribu kwa wagonjwa karibu 5,000 na haikusaidia. Maji ndiyo yamebaki.

Kamba na kaa: mzio wao unatokana na protini ya nyama yao iitwayo tropomiosini, si ayodini. Mwambieni daktari kama anavyoambiwa mzio mwingine wowote, lakini hilo lisiwanyime usingizi. Kama aliwahi kupata athari ya kontrasti yenyewe, hapo ndipo pa kupiga kelele.

Haya yote ni kwa kipimo kilichopangwa. Mzee akipata shambulio la moyo, msicheleweshe mtu kwa kusubiri maabara.

Piga simu wodini leo jioni, uliza kipimo cha figo kwenye faili ni cha tarehe gani. Kama hakuna cha karibuni, damu itolewe asubuhi kabla ya kitu kingine. Ukipata namba iandike hapa, wapo wauguzi wa dayalisisi kwenye uzi huu watakaokusaidia kuisoma.