Vijana, hewa inarudi wapi?

Juzi niliingia nyumba moja ya Casuarina, hapa Malindi, nikakuta vijana wawili wamejipinda juu ya dari wakifunga kiyoyozi cha dakti, yaani mabomba ya kupeleka hewa: wanavuta fleksi, bomba laini lenye koti la sufi, kutoka boksi moja hadi vyumba vitano. Nikauliza: hewa inarudi wapi hadi kwenye mashine? Wakatazamana, mmoja akanionyesha grili moja tu, koridoni. Kosa hilo nalijua vizuri, kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaoanza.

1. Mpangilio. Nyumba ndefu yenye korido katikati itandikie shina, yaani dakti kuu ya mabati, toa matawi, na lipunguze upana kadiri linavyogawa hewa ili mwendo usife. Buibui, yaani fleksi zote kutoka boksi moja, ni ya nyumba ya mraba, mashine ikikaa katikati, fleksi zote fupi.

2. Njia ya kurudi. Hapa nivumilieni. Nilifunga mashine ya tani 3, yaani nguvu ya kupoza ya BTU 36,000 kwa saa, katika nyumba ya bibi mmoja. Mashine hiyo husukuma futi za ujazo 1,200 hivi kwa dakika, na zote lazima zirudi. Mimi niliweka buibui na grili moja ya kurudisha, koridoni. Mchana milango ilikuwa wazi, nyumba ikapoa, nikapewa chai na mahamri, nikalipwa. Usiku watu walifunga milango wakalala. Hewa ikajaa vyumbani ikakosa pa kutokea, na dakti ikashindwa kuingiza nyingine. Huko koridoni feni ilikuwa inanyonya bila kupata, basi ikavuta penye nyufa za taa na kingo za jipsam, hewa ya chini ya paa, moto kama wa tanuri. Ilikuwa kaskazi, na mnajua unyevu wake. Kila hewa iliyonyonywa darini, nyingine ya nje iliingia, ikagusa fleksi nilizozibana kwenye kona hadi sufi yake ikalala. Zikatoka jasho. Maji yakatona juu ya jipsam siku baada ya siku, na hakuna aliyeyaona.

Alfajiri moja kipande cha dari kilianguka juu ya kitanda cha bibi. Alhamdulillahi, alikuwa ameamka kuswali. Aliponipigia hakunifokea. Alisema tu, “Mwanangu, njoo uitazame kazi yako.” Heri angenifokea. Nilisimama mlangoni pale nikatazama mto wake umejaa vumbi la jipsam, nikakosa neno.

Nilifumua dari kwa pesa zangu. Juu ya kila mlango nikatoboa nikaweka grili ya kupitisha hewa, grili ya koridoni nikaipanua, na kwenye kona nikatoa fleksi nikaweka mabati. Tangu hapo sichori dakti ya kupeleka kabla ya ile ya kurudisha.

3. Fleksi ivute inyooke, itundike kila mita 1.2 kwa mkanda mpana. Waya huikaba koo.

4. Maungio ni mastiki, ile gundi nzito ya kupaka, au tepu ya foili. Tepu ya kitambaa hubanduka, jamani, nimesema mara ngapi?

5. Michoro mnayopakua kwenye simu, angalieni ni ya nyumba ya wapi. Nchi za baridi huweka grili sakafuni chini ya dirisha kwa sababu hewa ya moto hupanda. Sisi twapoza, basi grili ni juu, baridi ishuke yenyewe.

6. Ukiitwa Lamu, Mji Mkongwe, acha dakti nyumbani. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, dari ni boriti za mikoko zilizo wazi, na mji ni urithi wa dunia tangu 2001. Funga spliti ndogo, kiyoyozi cha ukutani kisicho na dakti, na usiguse ukuta bila kibali.

Wale vijana niliwashusha, wakanywa maji, tukazunguka mlango kwa mlango na tepu ya kupimia. Milango mitano, grili tano. Ya mwisho waliikata wenyewe, nami nimekaa chini natazama.