Jibu: Kubadilishana ujuzi kati ya vijiji pale mtandao unaposumbua

Ndugu, umeuliza miradi yenu ya kilimo ibadilishane vipi ujuzi wakati mtandao vijijini unasumbua. Anzeni na video. Kule India, watu wa shirika la Digital Green walianza mwaka 2006 kwa kuwarekodi wakulima wenyewe shambani, kisha wakavionyesha vikundi vya vijijini kwa projekta ndogo za betri. Mwezeshaji anasimamisha video, anauliza, watu wanabishana. Hatua hiyo msiiruke kabisa, ndiyo inayofundisha!

Rekodini kwa simu: mkulima aongee lugha ya kwao, aonyeshe anavyopima mbolea kwa kizibo cha soda. Sambazeni kwa memori kadi. Shirika la Access Agriculture nao wana video za kilimo za Kiswahili, kupakua ni bure. WhatsApp ibaki ya maswali tu, video nzito zinamaliza bando za watu.