Bustani ya nyumbani kutoka masika hadi kiangazi: majibu kwa wasomaji

Swali (Mbagala, Dar es Salaam): Kila mwaka ninahamishia miche ya nyanya bustanini mwezi Machi mvua zinapoanza, lakini ifikapo Aprili majani ya chini yanaota madoa meusi, yananyauka na kupukutika kabla matunda hayajaiva. Nipulizie dawa gani?

Jibu: Kabla ya kutafuta dawa, badilisha tarehe ya kupanda. Madoa unayoyaeleza, hasa ikiwa yana miduara midogo ndani ya miduara mikubwa, yanafanana sana na bakajani tangulia, ugonjwa wa ukungu unaojificha kwenye udongo na kwenye masalia ya mimea ya msimu uliopita, na unaohitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ili upenye. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Dar es Salaam: matone mazito hurusha tope hadi kwenye majani ya chini, na jani lililolowa jioni hubaki na maji hadi asubuhi. Dawa uliyopulizia asubuhi ikioshwa na mvua ya alasiri, fedha yako imekwenda na maji.

Ningekushauri usie mbegu kitaluni mwishoni mwa Aprili, chini ya paa la nailoni linalopitisha mwanga, kisha uhamishie miche yenye umri wa wiki nne hivi mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, wakati mvua zinapungua na udongo bado una unyevu. Nyanya hizo zitachanua kipupwe, ambapo usiku wa jiji hushuka hadi nyuzi 19 au 20 za Selsiasi, na jambo hili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Nyanya hushika matunda vizuri pale usiku unapokuwa na ubaridi kiasi. Joto la mchana likizidi nyuzi 32 na usiku ukabaki na fukuto, kama ilivyo Februari, chavua hudhoofika na maua hupukutika hata kama mmea unanyweshewa vizuri. Ndiyo sababu anayepanda Disemba huvuna majani mazuri na matunda ya kuhesabu.

Yaliyobaki ni matunzo ya kawaida. Acha nafasi ya sentimita 60 kati ya shina na shina, simika mti kwa kila mmea, ondoa majani yanayogusa ardhi, tandaza nyasi kavu, na umwagilie shinani wakati wa asubuhi. Usirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala pilipili kwenye tuta lilelile kwa misimu miwili au mitatu, kwa sababu mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na hurithishana magonjwa. Tuta la Aprili liachie matembele, ambayo mvua za masika huyapendeza.

Swali (Tanga): Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza kwamba vuli itakuwa na mvua za juu ya wastani, je, niwahi kusia mboga mwezi Septemba?

Jibu: Hapana. Kauli ya «juu ya wastani» inahusu jumla ya mvua ya msimu mzima, Oktoba hadi Disemba, na jumla kubwa inaweza kutokana na siku chache za mvua kubwa. Vuli yetu inategemea sana hali ya Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko kawaida huku yale ya karibu na Indonesia yakipoa, mvua huongezeka, kama ilivyotokea mwaka 2019. El Niño, yaani joto lisilo la kawaida la maji ya Bahari ya Pasifiki, nayo husukuma upande huohuo, na mwaka 2023 hali hizo mbili zilikutana, vuli ikaja na mafuriko. Kwa hiyo tangazo kama hilo lichukue kuwa agizo la kuchimba mfereji wa kutoa maji na kuinua matuta hadi sentimita 20 au 30. Mbegu zisubiri. Mvua za kwanza mara nyingi hulowesha ngozi ya ardhi tu. Chimba kwa jembe, na usie pale unyevu unapofika sentimita 15 hivi.

Swali (Kigamboni): Maji ya kisima chetu huwa na chumvi zaidi Januari na Februari, na mboga zinaungua kingo za majani.

Jibu: Acha maharage, karoti na vitunguu kwa miezi hiyo, kwa kuwa havistahimili chumvi, spinachi inastahimili vizuri zaidi. Kosa la kawaida ni kunyunyiza maji kidogo kidogo kila jioni: maji hupaa, chumvi hubaki juu, karibu na mizizi. Ni heri kumwagilia kwa wingi kila baada ya siku mbili au tatu, ili chumvi ishuke chini, na kufunika udongo kwa matandazo. Mbolea ya kuku pia ina chumvi, basi ipunguze. Iwapo una paa la bati, weka mfereji na pipa: paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,000.

Swali (Unguja): Upepo wa kusi hunivunjia bamia na kukausha miche.

Jibu: Panda mstari mnene wa muhogo upande wa kusini na kusini-mashariki miezi kadhaa mapema, nawe utapata kisamvu juu yake. Usijenge ukuta wa mabati, kwani upepo hupanda juu yake na kuanguka kwa kishindo upande wa pili. Kizuizi kizuri huupunguza kwa kuupitisha kiasi.

Swali (Njombe): Nifanye nini sakitu inapochoma viazi mviringo mwezi Juni na Julai?

Jibu: Sakitu, yaani umande unaoganda kuwa barafu juu ya majani, huja usiku mkavu usio na mawingu wala upepo, na hewa baridi hutiririka kuelekea bondeni, kwa hiyo bustani ya mteremkoni huwa salama kuliko ya bondeni. Ukiona dalili hizo jioni, mwagilia udongo, kwa maana udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana vizuri zaidi, kisha funika mimea kwa nyasi au magunia na uyaondoe jua likishapanda. Mimea iliyoungua usiikate haraka. Mara nyingi huchipua upya kutoka shinani.

Swali (Maskat, Oman): Mama ameniletea mbegu za mchicha na bamia kutoka Pemba. Nizipande lini?

Jibu: Zote mbili hupenda joto, lakini joto la Juni huko, linalopita nyuzi 40, huzichosha hata zilizokwisha kushika. Sia mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na mkondo wa pili mwishoni mwa Februari. Katika miezi ya ubaridi ya Disemba na Januari hukua polepole, basi nafasi hiyo ipe giligilani, figili na spinachi.